Viwanda vya Ulinzi vya Ulaya na Jitihada za Kushirikiana: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu 2022 habari za Ulaya kujiimarisha kijeshi hazikauki, na vifupisho vyake vinachosha: PESCO, EDF, SAFE, EDIP. Majibu haya ni kwa msomaji anayetaka kuelewa mambo bila kuwa mwanajeshi wala mhandisi. Msimamo wangu nautaja mapema ili usikupotezee muda kuutafuta: shida kubwa ya Ulaya si uhaba wa fedha wala wa akili, bali ni serikali nyingi kununua kila moja kivyake. Maelezo yanaishia mwisho wa 2025.

Kwa nini jambo hili limepamba moto sasa?

Vita Baridi vilipokwisha, serikali za Ulaya zilipunguza majeshi, zikapunguza bajeti, na viwanda vikabaki vikitengeneza kidogo kidogo: ndege chache kwa mwaka, makombora ya mizinga ya kutosha mazoezi. Hakuna kampuni inayoweza kuweka mashine na mafundi bila kazi miaka 10 ikisubiri oda ambayo huenda isije. Urusi ilipoivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022, maghala yalifunguliwa ili kuisaidia Kyiv, na muda si mrefu yakaanza kuonyesha sakafu.

Pigo la pili lilitoka kwa rafiki. Mwanzoni mwa Machi 2025 Marekani ilisimamisha kwa muda misaada ya kijeshi na taarifa za kijasusi kwa Ukraine. Wiki hiyohiyo Ursula von der Leyen, Rais wa Kamisheni ya Ulaya, akatangaza mpango ambao baadaye uliitwa Utayari 2030, wenye lengo la kukusanya hadi euro bilioni 800. Hapa wengi hukosea: hizo si fedha zilizokwishawekwa kwenye akaunti. Bilioni 150 ni mikopo ya pamoja. Takriban bilioni 650 ni matarajio ya kile ambacho nchi zenyewe zitatumia baada ya kulegezewa sheria za nakisi ya bajeti, hadi asilimia 1.5 ya pato la taifa kwa mwaka. Juni 2025, kwenye mkutano wa NATO mjini The Hague, wanachama wakaahidi kufikia asilimia 5 ya pato la taifa ifikapo 2035: asilimia 3.5 kwa ulinzi wenyewe, na 1.5 kwa mambo yanayoambatana nao kama barabara, madaraja na usalama wa mitandao.

Kwani Ulaya haikuwa na fedha?

Ilikuwa nazo. Mwaka 2024 nchi 27 za Umoja wa Ulaya zilitumia euro bilioni 343 kwa ulinzi, sawa na asilimia 1.9 ya pato lao la jumla, kwa hesabu za Shirika la Ulinzi la Ulaya, EDA. Fungu hilo si dogo hata kidogo. Lakini linapitia wizara 27, kila moja na kamati yake ya zabuni, vipimo vyake, wahandisi wake wa ukaguzi, na wabunge wake wanaotaka ajira zibaki jimboni kwao.

Huo mgawanyiko unaonekanaje kwa macho?

Ripoti ya Mario Draghi, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Italia, ya Septemba 2024 kuhusu ushindani wa Ulaya ilitoa mfano ambao tangu hapo umerudiwa kila mahali: Ulaya ina aina 12 za vifaru vikuu vya vita, Marekani inazalisha aina moja. Ripoti hiyo pia ilikumbusha kwamba nchi za Umoja ziliipelekea Ukraine aina 10 tofauti za mizinga ya milimita 155.

Tafakari maana ya aina 10 kwa kikosi cha mafundi walio nyuma ya mstari wa mbele. Kila mzinga una mtutu wake unaochakaa kwa kasi yake, vipuri vyake, vilainishi vyake, kompyuta yake ya kulenga, na kitabu chake cha maelekezo katika lugha nyingine. Fundi aliyefundishwa kutengeneza PzH 2000 ya Ujerumani hawezi kuigeukia CAESAR ya Ufaransa kesho yake asubuhi. Mzinga mmoja ukikosa kipuri kimoja unavutwa hadi Poland au Lithuania, unakaa wiki kadhaa, na kile kilichotolewa kama msaada kinakuwa mzigo kwa aliyesaidiwa.

Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na katika silaha wavutaji ni wengi. Tangu 2007 nchi za Umoja zilijiwekea lengo kwamba asilimia 35 ya ununuzi wao wa zana ufanywe kwa pamoja. Miaka 15 baadaye walikuwa kwenye asilimia 18 tu.

Mbona makombora milioni moja yaliyoahidiwa kwa Ukraine yalichelewa?

Machi 2023 Umoja uliahidi kuipatia Ukraine makombora milioni moja ya mizinga ndani ya miezi 12. Januari 2024 Josep Borrell, aliyekuwa mkuu wa sera za nje, alikiri kwamba hadi mwisho wa Machi yangefika takriban 524,000, nusu na kidogo tu. Milioni ilikaribia kutimia mwishoni mwa 2024.

Ili kuelewa kilichotokea, lifungue kombora lenyewe. Kombora la milimita 155 lina uzito wa kilo 40 na ushee. Gamba lake ni chuma kilichopashwa moto hadi kung'aa, kikashindiliwa na mashine nzito, kisha kikachongwa hadi unene wake uwe sawa pande zote, kwa sababu likipinda hata kidogo halitaenda lilikolengwa. Chuma Ulaya inacho, na viwanda vya kukishindilia viliweza kuongezwa. Ndani ya gamba humiminwa kilipuzi, na hapo ndipo njia inapoanza kuwa nyembamba: kiwanda kikubwa cha TNT katika Umoja mzima ni kimoja, Nitro-Chem cha Bydgoszcz, Poland. Juu hufungwa fyuzi, kidude kinachoamua kombora lipasuke lini. Nyuma yake huwekwa baruti ya kulisukuma, na hapa ndipo njia inapoziba kabisa.

Baruti hiyo hutegemea nitroselulosi, na nitroselulosi hutengenezwa kutokana na nyuzi fupi zinazobaki kwenye mbegu ya pamba baada ya pamba kuchambuliwa. Mkulima wa Shinyanga au Simiyu anazijua kwa macho. Sehemu kubwa ya nyuzi hizo kwa viwanda vya Ulaya imekuwa ikitoka China. Kwa hiyo bara lililojaa viwanda vya magari na ndege lilijikuta likihesabu marobota ya nyuzi za pamba kutoka nchi ambayo haina sababu ya kuifurahisha NATO. Watengenezaji wameanza kutumia selulosi ya mbao badala yake, lakini kubadili malighafi ya baruti ni kazi ya majaribio marefu: ikiungua kwa kasi tofauti kidogo, kombora linaangukia pengine.

Ndiyo maana sheria ya ASAP ya Julai 2023, yenye euro milioni 500 za kukuza uzalishaji wa makombora, ilielekeza takriban robo tatu ya ruzuku zake kwenye baruti na vilipuzi, si kwenye magamba. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, na ni mfano mzuri wa kile ambacho taasisi ya pamoja inaweza kukiona lakini nchi moja haioni: kila wizara ilikuwa ikipigia simu kiwanda chake cha makombora bila kujua kwamba viwanda vyote hivyo vinasubiri baruti kutoka kwa wauzaji walewale wachache. Kampuni ya Eurenco imerejesha uzalishaji wa baruti Bergerac, Ufaransa. Kampuni ya Rheinmetall ilifungua kiwanda kipya cha makombora Unterlüß, Ujerumani, Agosti 2025, kikilenga kufikia makombora 350,000 kwa mwaka.

Jambo moja zaidi, na kwangu ndilo linaloumiza. Milimita 155 ni kipimo cha pamoja cha NATO, kwa hiyo mtu angedhani kombora lolote linaingia kwenye mzinga wowote. Linaingia, ndiyo. Lakini nchi na makampuni yana majedwali yao ya kufyatulia, vyeti vyao vya usalama, na masharti ya dhamana yanayokataza baruti ya mwenzake. Kipimo kikiwa sawa na vyeti vikawa mbalimbali, bado hamjashirikiana.

Nani hasa anaamua mambo haya?

Jeshi ni la nchi. Umoja wa Ulaya hauna jeshi, na hakuna mtu Brussels anayeweza kuiamuru Hispania inunue nini. NATO hupanga mahitaji ya kijeshi na viwango. EDA, iliyoanzishwa 2004, huwakutanisha mawaziri wa ulinzi na kuratibu miradi. OCCAR yenye makao Bonn, ambayo si taasisi ya Umoja, husimamia mikataba mikubwa ya nchi kadhaa. Kamisheni ya Ulaya huingia kupitia mlango wa viwanda na fedha, na tangu Desemba 2024 ina kamishna wa ulinzi na anga za juu kwa mara ya kwanza: Andrius Kubilius, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Lithuania.

Mikataba ya Umoja si inakataza kutumia bajeti ya pamoja kwa jeshi?

Inakataza kwa sehemu. Ibara ya 41(2) ya Mkataba wa Umoja inazuia bajeti ya pamoja kulipia operesheni za kijeshi. Kwa hiyo nyingi kati ya sheria hizi mpya zimejengwa juu ya ibara inayohusu ushindani wa viwanda, ya 173 ya Mkataba wa Utendaji wa Umoja. Fedha zinakwenda kwa mtafiti, kwa kiwanda na kwa ununuzi wa pamoja, haziendi vitani.

Kikwazo cha kweli ni ibara ya 346 ya mkataba huohuo, inayoiruhusu nchi kukwepa sheria za soko la pamoja kwa sababu za usalama wake. Iliwekwa iwe ya dharura. Imetumika kwa miaka mingi kama ufunguo wa kumpa kazi mtengenezaji wa nyumbani bila zabuni ya wazi, na serikali zote kubwa zimeutumia.

Nisaidie na hivyo vifupisho.

PESCO ilianza Desemba 2017: ni makubaliano ya nchi kushirikiana kwenye miradi ya ulinzi, leo wanachama 26, Malta pekee ikiwa nje. Denmark iliingia 2023 baada ya wananchi wake kupiga kura mwaka uliotangulia kufuta msimamo wao wa kujitenga na ulinzi wa Umoja.

EDF ni Mfuko wa Ulinzi wa Ulaya, takriban euro bilioni 8 kwa 2021 hadi 2027, theluthi moja kwa utafiti na iliyobaki kwa kuendeleza zana. Sharti lake la msingi nalipenda: maombi lazima yaletwe na angalau taasisi tatu kutoka nchi tatu tofauti. EDIRPA ya 2023 ilikuwa fungu dogo, takriban milioni 300, la kuzishawishi nchi zinunue pamoja. EDIP, iliyopitishwa Desemba 2025, ina bilioni 1.5, na milioni 300 kati ya hizo ni kwa ajili ya viwanda vya Ukraine. SAFE inastahili swali lake peke yake.

SAFE inafanyaje kazi?

Kamisheni inakopa sokoni kwa jina la Umoja mzima, kisha inazikopesha nchi. Jumla ni euro bilioni 150, muda wa kulipa unafika miaka 45, na miaka 10 ya mwanzo nchi haianzi kurejesha deni lenyewe. Ilipitishwa Mei 2025. Nchi 19 ziliomba na fedha zote zikapata mwenyewe, Poland ikichukua fungu kubwa kuliko wote, takriban bilioni 43.7. Ujerumani haikuomba, kwa sababu yenyewe inakopa kwa riba nafuu kuliko Umoja.

Masharti ndiyo yenye uzito. Kwa kawaida ununuzi uhusishe angalau nchi mbili, na sehemu za zana zinazotoka nje ya Umoja, nje ya Norway na wenzake wa eneo la uchumi la Ulaya, na nje ya Ukraine, zisizidi asilimia 35 ya gharama. Kwa zana nyeti kama ulinzi wa anga wa masafa marefu kuna sharti kali zaidi: mtengenezaji wa Ulaya awe na mamlaka ya kubadilisha muundo wa zana bila kuomba ruhusa ya nchi nyingine. Ukinunua mtambo usioruhusiwa kuugusa programu yake, umenunua pia utegemezi, na utegemezi huo haumo kwenye bei.

Kuna ushirikiano uliowahi kufanikiwa kweli?

Upo, na ni vizuri kuutazama kwa makini maana unafundisha zaidi ya hotuba.

Kombora la Meteor, linalorushwa kutoka ndege moja kuipiga nyingine mbali sana, ni kazi ya nchi sita: Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Italia, Hispania na Sweden. Linabebwa na Typhoon, Rafale na Gripen, ndege tatu ambazo watengenezaji wake wanagombania wateja walewale. Mtengenezaji ni mmoja, MBDA, kampuni iliyoundwa 2001 kwa kuunganisha shughuli za makombora za nchi kadhaa. Kampuni ikiwa moja, swali la nani mkubwa linajibiwa ndani ya ofisi badala ya kubebwa na mawaziri.

Mfano wa pili hauna mbwembwe, nao naupenda zaidi. Ndege za kujaza mafuta angani ni ghali mno kwa nchi ndogo. Uholanzi na Luxembourg zikaanzisha kikosi cha pamoja cha Airbus MRTT chenye makao Eindhoven, ndege ya kwanza ikafika 2020, na nchi nyingine zikaendelea kujiunga, zikiwemo Norway, Ujerumani, Ubelgiji na Czech. Nchi hainunui ndege, inanunua saa za kuruka kwa mwaka. Ndege zote ni za aina moja, zina nembo moja, na zinatengenezwa na mafundi walewale. Luxembourg, nchi isiyo na ndege za kivita hata moja, imekuwa mshirika wa kweli badala ya mtazamaji.

Wa tatu ni majeshi ya majini ya Ubelgiji na Uholanzi. Yanaongozwa na kamandi moja, na walipotaka meli mpya walipeana zamu: Ubelgiji ikaongoza ununuzi wa meli 12 za kutegua mabomu ya baharini, sita kwa kila nchi, na Uholanzi ikaongoza upande wa manowari za ulinzi aina ya frigeti. Kila mmoja alikubali chaguo la mwenzake, ambalo ndilo jambo gumu kuliko yote.

Na ulikoshindwa?

Orodha ni ndefu na inaanza mapema. Mkataba wa Jumuiya ya Ulinzi ya Ulaya, ambao ungeunda jeshi la pamoja, ulisainiwa 1952 na kufa tarehe 30 Agosti 1954 ndani ya Bunge la Ufaransa, nchi iliyoubuni.

Mwaka 1985 Ufaransa ilijitoa kwenye mradi wa ndege uliokuja kuwa Eurofighter Typhoon, ikaunda Rafale. Uingereza, Ujerumani, Italia na Hispania zikaendelea, lakini kwa kanuni kwamba kila aliyetoa fedha arudishiwe kazi kwa kiwango hichohicho. Matokeo yake Typhoon imekuwa ikiunganishwa katika viwanda vinne: Warton, Manching, Caselle karibu na Turin, na Getafe. Mhandisi hangependekeza hivyo. Wanasiasa walipendekeza, na mlipakodi akalipa.

Helikopta ya NH90 ilibebeshwa matakwa ya kila mnunuzi hadi ikawa na matoleo mengi yasiyobadilishana vipuri. Norway ilichoka, ikavunja mkataba Juni 2022 na kudai fedha zake. Ndege ya mizigo ya A400M ililazimishwa injini mpya ya Ulaya kwa msukumo wa kisiasa, ikachelewa miaka minne, na nchi wateja zikakubali kuongeza euro bilioni 3.5 mwaka 2010 ili mradi usife. Lakini haki yake tuiseme pia: leo inafanya kazi kubwa. Aprili 2023, raia wa kigeni walipookolewa Sudan, ndege za A400M za Uingereza na Ujerumani zilikuwa miongoni mwa zilizotua Wadi Seidna, kaskazini mwa Khartoum.

Kisha FCAS, ndege ya kivita ya kizazi kijacho ya Ufaransa, Ujerumani na Hispania, iliyotangazwa 2017. Dassault ya Ufaransa inataka kuongoza ndege yenyewe kwa sababu imeunda Rafale peke yake na inajua inachofanya. Airbus, inayobeba upande wa Ujerumani na Hispania, haitaki kuwa mkandarasi mdogo wa mshindani wake. Nyuma ya makampuni kuna mahitaji yasiyofanana: Ufaransa lazima ipate ndege inayotua kwenye meli yake na kubeba silaha za nyuklia, Ujerumani haihitaji lolote kati ya hayo. Hadi 2025 inakwisha, mvutano ulikuwa haujatatuliwa. Uingereza, Italia na Japani zina mradi wao, GCAP, wenye lengo la 2035. Naamini Ulaya haina uwezo wa kulipia miradi miwili ya namna hii, na kila mwaka wa kusitasita unawaleta wateja kwenye F-35 ya Marekani, ambayo nchi nyingi za Ulaya tayari zimeinunua.

Kwa hiyo lengo ni kuitenga Marekani?

Hapana, ingawa wapo Paris wanaotamani hivyo. Draghi alidai kwamba kati ya katikati ya 2022 na katikati ya 2023 asilimia 78 ya fedha za ununuzi zilikwenda nje ya Umoja, sehemu kubwa Marekani. Takwimu hiyo imepingwa: taasisi ya IISS ya London ilipohesabu mikataba ya kipindi kirefu zaidi ilikuta zaidi ya nusu imekwenda kwa mifumo ya Ulaya. Vyovyote iwavyo, mambo ambayo Ulaya haiwezi kuyaziba haraka yanajulikana: ulinzi dhidi ya makombora ya balistiki, taarifa za satelaiti, na mashambulizi ya masafa marefu. Mkakati wa Kamisheni wa Machi 2024 uliweka lengo kwamba ifikapo 2030 nusu ya fedha za ununuzi iende kwa viwanda vya Ulaya, na asilimia 60 ifikapo 2035. Hata lengo likitimia, asilimia 40 inabaki kwa wengine.

Uingereza je, imo au haimo?

Ilisaini ushirikiano wa usalama na ulinzi na Umoja tarehe 19 Mei 2025, lakini mazungumzo ya kuingia SAFE yalivunjika Novemba, sababu ikiwa kiasi cha ada. Kanada ikakubaliana siku chache baadaye. Nasikitika kwa hilo: BAE Systems, kampuni ya Uingereza, inamiliki zaidi ya theluthi moja ya MBDA, na kuiweka nje nchi iliyo ndani ya mioyo ya miradi hii ni kujikata mkono.

Silaha ya pamoja, nani anaruhusu iuzwe nje?

Hili ni swali linalovunja urafiki. Oktoba 2018, baada ya mwandishi Jamal Khashoggi kuuawa Istanbul, Ujerumani ilisimamisha mauzo ya silaha kwa Saudi Arabia. Ilikuwa na haki yake. Lakini vipuri vya Kijerumani vilikuwa ndani ya Typhoon na Meteor ambazo Uingereza na Ufaransa zilikuwa zimeahidi, kwa hiyo uamuzi wa Berlin ukafunga mikono London na Paris. Mwaka uliofuata Ufaransa na Ujerumani zikakubaliana kwamba mchango wa mmoja ukiwa chini ya asilimia 20 ya thamani, asizuie mauzo ya mwenzake. Ujerumani ilikuja kuondoa pingamizi lake la Typhoon kwa Saudia Januari 2024.

Viwanda vinataka kanuni ya pamoja ili viuze kwa urahisi. Mimi naitaka kwa sababu nyingine: bila kanuni ya pamoja, mwenye masharti legevu kuliko wote ndiye anayegeuka mlango wa kutokea. Msimamo wa pamoja wa Umoja wa 2008 una vigezo vizuri kuhusu haki za binadamu, ila anayevitafsiri ni kila nchi peke yake.

Droni zimebadilisha nini?

Zimebadilisha mwendo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2025 droni za Urusi ziliingia anga ya Poland, na zikapandishwa ndege za F-35 za Uholanzi kuzitungua kwa makombora ya bei ambayo haina uwiano wowote na droni yenyewe. Ukraine wanabadilisha programu na antena za droni kila baada ya wiki chache kwa sababu adui naye anabadilisha. Mfuko unaochukua zaidi ya mwaka kutoka tangazo hadi mkataba hauwezi kufuata mwendo huo, hata ukiwa na nia njema kiasi gani.

Mfano wa haraka ni Denmark. Mwaka 2024, badala ya kusubiri viwanda vya Ulaya, ililipia moja kwa moja mizinga aina ya Bohdana itengenezwe ndani ya Ukraine, na nchi nyingine zikauiga mtindo huo. Kiwanda kiko karibu na mtumiaji, bei iko chini, na mafundi wanabaki na ujuzi.

Nchi ndogo hazitamezwa na Ufaransa na Ujerumani?

Hofu hiyo ni ya kweli, kwa sababu makampuni makubwa yako Ufaransa, Ujerumani, Italia, Hispania na Sweden. Lakini mradi wa magari ya kijeshi yasiyo na dereva, iMUGS, uliongozwa na Milrem Robotics ya Estonia, nchi yenye watu takriban milioni 1.3, na ndani yake wakiwemo vigogo kutoka nchi kubwa. Estonia ilipata nafasi kwa kuwa na kitu ambacho wengine hawakuwa nacho, na kwa kuwa masharti ya mfuko yalimlazimisha mkubwa kutafuta mshirika.

Sisi wa Afrika Mashariki linatuhusu?

Kwa njia mbili za moja kwa moja. Ya kwanza ni fedha za misaada ya kijeshi, ambazo ziko nje ya bajeti ya Umoja, kwenye Mfuko wa Amani wa Ulaya: huo ndio uliolipa euro milioni 20 kwa jeshi la Rwanda kwa ajili ya Cabo Delgado, Msumbiji, mwishoni mwa 2022, na milioni 20 nyingine Novemba 2024.

Ya pili ni madini. Tantalamu, inayotokana na koltani, hutumika kwenye kapasita za vifaa vya elektroniki, na vya kijeshi vimo. Umoja ulisaini makubaliano ya malighafi muhimu na Kongo Oktoba 2023 na Rwanda Februari 2024. Mwaka mmoja baadaye, waasi wa M23 wakiwa wameshaiteka Goma, Bunge la Ulaya lilitaka makubaliano na Rwanda yasimamishwe. Kiwanda cha Ulaya kinachojivunia kuzalisha kwa maadili kinapaswa kuulizwa koltani yake imechimbwa wapi, na watu wa Kivu ndio wenye haki ya kwanza ya kuuliza.

Nini cha kufuatilia kuanzia sasa?

Bajeti ya 2028 hadi 2034. Julai 2025 Kamisheni ilipendekeza euro bilioni 131 kwa ulinzi na anga za juu, mara kadhaa zaidi ya kipindi kinachokwisha, na nchi zote 27 lazima ziafikiane kabla fedha hizo hazijakuwepo. Fuatilia pia lengo la kununua kwa pamoja asilimia 40 ifikapo mwisho wa 2027. Na tia alama tarehe 30 Mei 2026: hadi siku hiyo nchi inaruhusiwa kutumia mkopo wa SAFE kununua peke yake, na mikataba itakayosainiwa baada ya hapo itahitaji saini ya nchi ya pili.